Mahali pa Kutua



Wengi wetu husafiri kutoka Dodoma kwenda Mwanza, tukipita Manyoni, Ikungi, Singida mjini na Shelui. Tukiulizwa tumeona nini njiani, hatuna la kusimulia. Mkoa mzima umepita dirishani kama kivuli.

Lakini pana mahali pa kutua. Kando ya mji wa Singida yapo maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na miamba mikubwa imesimama kuyatazama. Hapo mtu aweza kumshukuru Muumba. Barabarani huuzwa mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Nyuma ya kila chupa ya mafuta yupo mkulima aliyeungojea msimu mmoja tu wa mvua katika mwaka.

Nasi twafanya nini? Twateremsha kioo cha gari, twashindania bei hata mama yule auze kwa hasara, kwa kuwa mtoto wake hana sare ya shule. Kisha twaondoka, wala hatukumwamkia.

Wafuasi wawili wa Emau walitembea na Bwana njiani wasimtambue. Walimtambua walipotua, wakaketi naye mezani.

Basi, ndugu, safari ijayo shuka garini. Salimu kwanza, uliza habari za shamba, lipa bei ya haki. Yamkini nyuma ya kapu lile ni Bwana mwenyewe anayekungoja.

Mungu abariki safari zenu. Amina.