KUCHA ZETU ZINASEMA NINI?
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati ya afya ya kikundi, Kenyamonta)



Mambo ya hisa na mikopo yana wenyewe, watayaeleza. Sisi wa kamati ya afya tumeombwa tuzungumzie kucha. Tunawaona wengine mmeanza kucheka, mnadhani tumekuja kuuza rangi. Hapana, akina mama. Tumekuja kuzungumzia mikono inayoleta hela za hisa kila wiki.

Ukucha umetengenezwa kwa kitu kile kile cha unywele, kwato na pembe. Na hapa kwetu nani asiyejua ng'ombe? Kwato ikianza kupasuka, mfugaji haipaki rangi. Anauliza ng'ombe analala kwenye matope kiasi gani, na anakula nini. Basi na sisi tujiulize hivyo hivyo. Sehemu ya ukucha tunayoiona imekwisha kufa. Iliyo hai ni shina lililojificha chini ya ngozi. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kuota upya wote ni kama miezi 6. Anayekuuzia mafuta mnadani na kukuambia yatakupa kucha ngumu kwa wiki moja, mwache aende zake.

Tuanze na matope, yaani maji. Hesabu siku yako: umemenya mihogo na kuiloweka, umeosha vyombo, umefua, pengine umekandika ukuta. Ukucha hunywa maji ukavimba, halafu ukikauka hunywea. Ukivimba na kunywea mara nyingi kwa siku, tabaka zake huachana, ukaanza kuchanika nchani. Sabuni ya unga nayo huondoa mafuta yake. Baadaye ngozi ya pembeni inaachia, fangasi wanaingia, pale panavimba na kuuma, hata kutoa usaha. Dawa kubwa ya hapo ni ukavu. Futa mikono kila umalizapo kazi ya maji, mpaka katikati ya vidole, kisha paka mafuta, yawe ya nazi, ya mgando au samli. Ile ngozi nyembamba inayoziba shina la ukucha usiikate wala kuisukuma. Ndiyo mlango, ukifunguka maradhi yanaingia. Tena ukucha si bisibisi wala si kijiko cha kukwangulia ukoko.

Zamani wengine tulivaa mifuko ya plastiki mikononi wakati wa kufua. Mifuko ile imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kwa kweli haikufaa sana, ilitoboka. Glavu za mpira ni bora, ila zigeuzwe zikauke ndani, maana glavu mbichi ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa tunaomba tusikilizane. Tazameni kucha zenu sasa hivi, mkiwa mmekaa. Je, zimepauka? Je, kuna uliobonyea katikati kama kijiko, kiasi kwamba tone la maji linaweza kukaa juu yake? Ukucha wa namna hiyo kwa mtu mzima mara nyingi unasema damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Sisi wanawake tunaipoteza damu kila mwezi, tunaigawa kwa mtoto tumboni, malaria inachukua yake, minyoo ya safura inanyonya yake. Halafu mezani tunakula mwisho! Katika nyumba nyingi maini na firigisi vina mwenyewe, na mama hubaki na mchuzi. Hili tunalisema mbele ya wanaume waliopo, wala hatuna ugomvi nao, tunaomba tu sahani itazamwe.

Ukienda kliniki wakakuambia "damu yako ni 9" na wewe ni mjamzito, ujue inayotakiwa ni 11 au zaidi. Ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa. Mwanamke mwenye damu pungufu akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana akiba ya kuchota. Sisi tunaoweka akiba tunaielewa lugha hiyo. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe, visiwekwe juu ya kabati kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi. Weusi huo ni wa kawaida.

Nyumbani tuna dagaa wa Ziwa Victoria, maharage, majani ya kunde na mchicha. Kamulia limau, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, basi isubiri saa moja baada ya kula. Ulezi uliooteshwa ukawa kimea hutoa madini yake kwa urahisi kuliko ulezi mkavu. Bibi zetu waliotesha kwa ajili ya pombe, sisi tuoteshe na kwa ajili ya uji.

Vile vidoa vyeupe kwenye kucha visiwatishe. Wengi husema ni kukosa maziwa, lakini mara nyingi ni alama ya kujigonga tu. Michirizi ya kahawia kwenye kucha kadhaa nayo ni ya kawaida kwa watu weusi. Bali mstari mweusi uliojitokeza kwenye ukucha mmoja tu, ukapanuka au kuingia kwenye ngozi, uonyeshwe kwa daktari upesi. Mwanamuziki Bob Marley alikutwa na saratani chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Na rangi je? Hatuikatazi, siku ya sherehe tupendeze! Ila anayekwenda kujifungua au kupasuliwa aitoe nyumbani, kwa sababu nesi hutazama kucha kujua hali ya damu na hewa. Wembe wa kukatia kucha nao usizungushwe nyumba nzima. Damu kidogo ya mtu huweza kupitisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Ombi letu kwa mkutano ni kwamba mfuko wa jamii ununue jozi moja ya glavu kwa kila mwanachama, na anayekwenda kupima damu Mugumu akopeshwe nauli bila riba. Wajawazito wawe wa kwanza. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, pale karibu na mlango.