Kiwanda Ndani ya Shamba la Mizabibu: Kanuni za Matumizi ya Ardhi na Mvinyo wa Dodoma



Mkulima wa zabibu akisimika mashine ya kukamulia na matangi mawili matatu kwenye ekari zake, je, bado analima au tayari ana kiwanda? Jibu likiwa ni kiwanda, hati ya shamba haimtoshi. Itambidi aombe kubadilisha matumizi ya ardhi, pamoja na michoro, ada na miezi ya kusubiri. Jibu likiwa analima, hana la kuomba kwa upande wa ardhi. Hoja yangu ni kwamba jibu litokane na kitu kimoja: zabibu zinazoingia kwenye matangi hayo zimelimwa wapi.

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishakatwa haisubiri mtu. Kwa joto letu, baada ya siku moja au mbili imeanza kuchacha yenyewe ndani ya makreti. Mnunuzi anayajua hayo vizuri kuliko sisi, kwa hiyo bei huipanga yeye. Mwenye tangi la mchuzi wa zabibu anaweza kuikataa bei mbaya na kungoja. Asiye nalo hupokea anachopewa. Kwa mkulima wa ekari mbili, ruhusa ya kusindika shambani ndiyo inayompa nafasi ya kusema hapana.

Sasa tazameni mipaka. Mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi imo ndani ya Jiji, ambako Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ndiyo inayotawala. Ya Mvumi na Chinangali iko Wilaya ya Chamwino, na huko vijijini ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Zabibu ni zilezile, jua ni lilelile, lakini mkulima mmoja anakwenda kwa ofisa wa Jiji na mwenzake anakwenda kwa majirani zake. Kusema kweli, huyu wa pili ana nafuu. Kwa upande wa Jiji, tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ivunjwe mwaka 2017 na Dodoma kutangazwa jiji mwaka uliofuata, upimaji umekuwa ukisogea kuelekea mashambani, na shamba lisilotajwa waziwazi kwenye mpango hugeuka viwanja kabla mzabibu haujazeeka.

Wenzetu walishalipitia jambo hili. Bonde la Napa, jimbo la California, lilitengwa kuwa hifadhi ya kilimo mwaka 1968. Viwanda vya mvinyo vilipoanza kujaa humo na kugeuka kumbi za sherehe, serikali ya eneo hilo ilipitisha kanuni mwaka 1990: kiwanda kipya kitumie angalau asilimia 75 ya zabibu zilizolimwa Napa, na wageni wa kuonja waje kwa miadi. British Columbia, nchini Kanada, wameshuka hadi kwenye shamba lenyewe. Katika ardhi iliyohifadhiwa kwa kilimo, nusu ya mazao yanayotengeneza kinywaji sharti itoke kwenye shamba hilo. Mwenye zaidi ya hekta 2 anaweza kufikisha nusu hiyo kwa kuongeza mazao ya mashamba mengine ya jimboni yenye mkataba wa miaka isiyopungua 3. Hata ukumbi wa kunywea umewekewa kipimo: mita za mraba 125 ndani na 125 nje. Napa ni matajiri na hatuna haja ya kuwaiga katika kila kitu, ila njia yao ya kupima ni nzuri.

Na kipimo hicho si kigeni kwetu. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inautoza ushuru mdogo mvinyo wenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75. Yaani mtu wa kodi anauliza zabibu zimetoka wapi, lakini mtu wa ardhi haulizi. Ningependa wote wawili waulize swali moja.

Ruhusa hiyo isiwe ya kufumba macho. Kuosha matangi na sakafu hula maji mengi, na maji yanayotoka huwa na sukari, asidi na mabaki yanayooza. Makutupora, kunakolimwa mizabibu na kuliko na kituo cha utafiti wa zabibu, ndiko pia kuliko visima vinavyonywesha mji huu. Kule sitamruhusu mtu achimbe shimo la majitaka bila mtaalamu wa bonde la maji kufika na kupima. Makapi nayo yarudi shambani kama mboji, maana tunajua yakiachwa nyuma ya nyumba huishia kwenye gongo. Kuchachusha ni jambo moja, kukeneka ni jingine, na gongo ina sheria yake tangu mwaka 1966. Vibali vya TBS, TRA na leseni ya vileo vinabaki palepale, sizungumzii kuvifuta.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwa vijiji vya Chamwino: mpango wa matumizi ya ardhi utakapopitiwa upya, ingizeni kifungu kinachotamka kuwa kusindika zabibu shambani ni sehemu ya kilimo, iwapo angalau nusu ya zabibu hizo imetoka katika shamba hilo au mashamba ya kijiji hicho. Kifungu hicho mnaweza kukipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao. Kwa Jiji: kata za mizabibu zitengwe kwenye mpango kabambe kama eneo la kilimo na usindikaji, kwa mipaka iliyochorwa, kabla wapima viwanja hawajafika.