Pua Haipimi Esansi

Watu wa Minago, wa Rumonge, na nyinyi mlio njiani kwenda Bujumbura, leo tena ni bidoni. Nimeshalisema, na nitalisema mpaka muache.

Tangu esansi, yaani petroli, iadimike ikawa inauzwa kwa bidoni na chupa, kila mnunuzi amegeuka fundi wa kunusa. Anafungua kizibo, anabandika pua pale pale, anavuta mpaka kifuani, kisha anasema: "Hii safi." Safi kwa kipimo gani? Maji yaliyochanganywa humo hayanuki. Esansi ni nyepesi, huelea. Maji yametulia chini, yanangoja mota ikuzimikie katikati ya ziwa usiku, upepo nao umeanza. Mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Kama kuna maji, utauona mstari chini. Unashuku imechanganywa na mazutu, yaani dizeli? Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi hukauka ikaisha, mazutu huacha doa la mafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni kumwita mtoto: "Njoo unuse, wewe pua yako bado kali." Mzee, unamvutisha mtoto sumu! Kizunguzungu kile anachokichekea ni ubongo unaolewa. Ndani ya esansi mna benzini, inayoharibu uboho wa mifupa na kuleta saratani ya damu. Na mwenye kuvuta sana, moyo unaweza kusimama ghafla, hata awe kijana mwenye nguvu zake.

Halafu ule mpira wa kuhamishia esansi. Kijana ananyonya, inamwingia kooni, watu wanakimbilia mawese na maziwa ili atapike. Acheni! Akitapika, esansi inaingia mapafuni. Mpelekeni kituo cha afya, hata akisema amepona, maana kikohozi na homa huweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na bidoni tupu mnalitia maji ya kunywa, eti limeoshwa, halinuki! Plastiki hunywa esansi, na pua huzoea harufu kwa dakika chache tu. Ndiyo maana aliyeweka bidoni chini ya kitanda hasikii kitu, na kibiriti anacho mkononi. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hutambaa sakafuni, hujaa tumboni mwa mtumbwi; ukiwasha kibiriti, utauona mwali tu.

Kabla hujashuka ziwani jioni hii, litoe bidoni hilo chumbani wanamolala watoto. Lifunge, liweke nje penye kivuli, mbali na jiko.