JUMAMOSI NA JUMAPILI ZA MWANAFUNZI UGENINI

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya masomo ya ng'ambo. Nimeona nisiseme juu ya madarasa na mitihani, kwa sababu mambo hayo yameandikwa na vyuo vyenyewe, na kila apataye nafasi huyasoma kabla ya kupanda ndege. Nataka kusema juu ya siku mbili ambazo hakuna anayemweleza msafiri habari zake, yaani Jumamosi na Jumapili. Hapa shuleni Jumamosi ina kengele yake: kuna usafi, kuna kufua, kuna mpira, na mwenye shida ya kwenda mjini huomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Kule hakuna kengele. Ijumaa jioni darasa hufungwa, na mpaka Jumatatu asubuhi wewe ndiwe mwalimu wa zamu wa nafsi yako. Kwa niliyoyaona, siku hizo mbili huwainua au huwaangusha wanafunzi wetu kuliko ugumu wa masomo.

Sisi si wa kwanza kutoka nje. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, Uskochi, toka 1949 hadi 1952, wakati ambapo Watanganyika katika vyuo vikuu vya Uingereza walihesabika kwa vidole. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya Hanang yalipokuwa yakiendeshwa kwa msaada wa Kanada, baadhi ya wataalamu wa Kitanzania walipelekwa huko kusoma kilimo. Na kijana wa Hanang, Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton 1978 na mbio za mita 10,000 mjini Brisbane 1982, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Mwanariadha akiwa ugenini ana bahati moja, nayo ni kwamba siku yake ya mapumziko ina shughuli na ina wenzake. Timu inamngoja. Sisi wengine tusio na mbio inatubidi tuitafute timu yetu wenyewe, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mimi nilisoma Bergen, Norway, kwa miaka miwili kuanzia 2010, kwa mpango wa mkopo wa serikali ya nchi ile ambao aliyerudi kwao baada ya masomo alisamehewa deni lake. Mpango ule ulianza 1994, na wanafunzi wapya waliacha kupokelewa 2016. Kwa watu wa Mbulu, Norway si jina geni, maana hospitali ya Haydom ilifunguliwa 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka huko. Hata hivyo, kuijua nchi kwa jina na kuishi ndani yake ni mambo mawili.

Bergen hunyeshewa mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu na saa nne asubuhi, na ifikapo saa tisa na nusu alasiri limekwisha kuzama. Ndani ya basi hakuna amsalimuye jirani yake, na abiria akiona kiti kilicho peke yake atakwenda huko kuliko kukaa karibu nawe. Sisi tuliolelewa kwamba kumpita mtu njiani bila kumjulia hali ni kumtukana, tunaona kama tumechukiwa. Tena Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa sheria, na mitaa hunyamaza kama kuna msiba. Mgeni hutazama dirishani, haoni mtu, anarudi kitandani. Nimewaona waliorudi kitandani hivyo toka Oktoba mpaka Machi, wakatoka huko wamekonda na hawana rafiki hata mmoja.

Basi, watu wa mji ule wako wapi siku ya Jumapili? Wako mlimani. Mji wa Bergen umezungukwa na milima saba, mrefu kuliko yote ni Ulriken, wenye mita 643. Sisi tuliokua chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 tungeuita kilima. Lakini utawakuta huko wazee wa miaka 70, kina mama na watoto wao mgongoni, na vijana wa chuo, wote wamevaa viatu vya matope na kila mmoja na mkate wake mfukoni. Sheria yao ya 1957 inampa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, hata kama ni mali ya mtu, mradi asiharibu kitu. Akitaka kupiga hema, awe mbali na nyumba ya mtu angalau mita 150. Chama chao cha watembeaji, kilichoundwa 1868, huchora herufi T nyekundu juu ya mawe ili watu wasipotee.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu yule yule asiyekutazama ndani ya basi, mkikutana mlimani hukusalimu. Ukiketi kula karibu naye atakuuliza unatoka wapi, na kabla ya kushuka amekwisha kukueleza habari za wajukuu zake. Huko ndiko nilikojifunza kuongea lugha yao bila kuona haya, na ndiko nilikopata mwaliko wa kwanza wa kuingia katika nyumba ya mwenyeji. Siku moja katikati ya ukungu, mama mzee aliposikia natoka Mbulu alinisalimu kwa Kiiraqw; alikuwa amefanya kazi ya uuguzi pande zetu ujanani mwake.

Ndugu zangu, kila nchi ina mlango wake. Norway ni mlimani. Kwingine ni uwanja wa mpira, kwingine ni kanisani au msikitini, kwingine ni mezani. Siku hizi wadogo zetu wengi huenda China, India na Uturuki, na Norway yenyewe ilianza mwaka 2023 kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Lakini popote mtakapokwenda, swali la kuuliza katika juma la kwanza ni moja: watu wa hapa wakimaliza kazi huenda wapi? Ukipata jibu, nenda nawe.

Sisemi mwanafunzi awakimbie Watanzania wenzake. Sisi tulikuwa tukikutana Jumamosi, tukachanga fedha za unga wa mahindi ulionunuliwa katika maduka ya wahamiaji, tukasonga ugali, tukaongea Kiswahili mpaka usiku. Tarehe 9 Desemba tulisherehekea Uhuru wetu na kuwaalika wenyeji. Mkataa kwao ni mtumwa. Ila ukikutana na Watanzania tu kila Jumamosi na kila Jumapili, utarudi nyumbani unaijua vizuri Dar es Salaam, na ile nchi uliyopelekwa huijui.

Juu ya pombe, nitasema kwa kifupi. Kwetu mwenye karamu ndiye apikaye pombe, na mgeni hunyweshwa. Kule kila aalikwaye huja na chupa yake, na hushika yake mpaka mwisho. Usidhani ni uchoyo. Bia ni ghali sana, na siku ya Jumamosi ikipita saa kumi na mbili jioni duka haliruhusiwi kuiuza. Asiyekunywa haulizwi sababu. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba alilazimishwa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo linawahusu wakubwa kuliko wadogo.

Mwanafunzi wa kigeni wa wakati wetu aliruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Juma zima la mfanyakazi kule ni saa 37 na nusu. Ina maana kwamba anayefanya saa zake zote 20 ana zaidi ya nusu ya ajira juu ya masomo yake, na saa hizo hupatikana wapi kama si usiku na siku za mapumziko? Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji jina wala kwao, alisafisha ofisi kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili jioni kwa mwaka mzima. Hakuwa mlafi. Nyumbani kila mtu alikuwa na namba yake ya simu: huyu ada, huyu bati, huyu harusi, huyu ng'ombe wa kuanzia maisha. Walimpigia hasa Jumamosi, wakijua hana darasa. Alituma kila alichopata. Darasani alisinzia, mtihani wa takwimu ukamshinda mara mbili, na muda wa ruhusa yake ukaisha kabla ya shahada. Alirudi na masanduku mawili. Nyumba aliyokuwa akiijenga kwa fedha zile ilisimama kwenye lenta, na wale waliopiga simu ndio waliouliza kwa nini hakumaliza.

Wazazi na ndugu zangu, fedha ya masomo hupimwa imtoshe mtu mmoja. Inayozidi hapo huchotwa katika usingizi wa mtoto wenu na katika saa zake za kusoma. Nasema haya nikijua kwamba wengi wetu tulisomeshwa kwa mbuzi na mahindi ya ukoo mzima, na deni hilo ni la kweli. Lakini deni lina wakati wake wa kudaiwa. Mwacheni mtoto amalize. Mshahara wa miaka 30 utalipa zaidi kuliko vibarua vya miaka miwili. Na mkimpigia Jumamosi, mwulizeni kama amekula, na kama ametoka nje siku hiyo.

Nanyi wadogo zetu, msingoje ndege ndipo mjifunze kutumia siku ya mapumziko. Ni wangapi kati yenu waliokwisha kuupanda Mlima Hanang, unaohesabiwa wa nne kwa urefu katika Tanzania? Wale wazee wa Bergen walinionyesha mahali theluji inapoporomokea na mahali pasipojengwa nyumba. Waliyajua hayo kwa miguu yao. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe ya mlima wetu yaliporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba kuutembelea mlima, pamoja na mwalimu na mwenye kuijua njia, nyakati za kiangazi, si mchezo wa Wazungu. Ni kuijua nyumba yako.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa pendekezo. Kila kijana wa shule hii atakayepata nafasi ya kusoma nje, kamati yetu ikae naye kikao kimoja kabla hajaondoka, pamoja na wazazi wake. Wakubaliane waziwazi atatuma nini, mara ngapi kwa mwaka, na nani peke yake atakayempigia simu juu ya fedha. Kikao hicho hakina gharama ila chai. Mimi niko tayari kuhudhuria cha kwanza.