Sadaka Isiyotugharimu Kitu
Maandiko: 2 Samweli 24:18-25; Nehemia 13:10-12

Jioni hii tunasema juu ya jambo linalokaa ndani ya simu zetu. Wenye kosa wa kwanza ni sisi wachungaji, kwa hiyo tutaanza na sisi wenyewe.

Kwaya moja ya jirani ilirekodi nyimbo 8. Waimbaji walichanga franka kwa franka, na mama mmoja akauza maharagwe aliyoyaweka kwa mbegu. Studio ilitaka dola 600. Walilipa 350, deni likabaki. Nyimbo wakaziweka kwenye intaneti: unalipa dola 2 kwa simu, unapokea neno la siri, kisha unazipakua. Katika siku za kwanza watu 31 walinunua.

Mmoja wa hao 31 alikuwa wa kanisa letu. Alifurahi mno, akazituma zote 8 katika gurupu letu la wachungaji na mashemasi, akaandika: «Mbarikiwe.» Tukajibu «Amina», mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeuliza kama ni ruhusa. Kesho yake vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi kando ya barabara walikuwa nazo, wakiziuza kwa faida yao. Juma halijaisha, motari walizipiga mji mzima. Mnunuzi wa 32 hakuonekana.

Kiongozi wa kwaya alikuja kwetu. Hakuja kugombana. Alisema tu: «Baba wachungaji, nyimbo zetu zinapigwa kila mahali, na studio inatudai. Tufanye nini?» Hatukuwa na jibu. Zile «Amina» zetu zilikuwa bado zinaonekana kwenye simu.

Wapendwa, fungueni Nehemia 13. Nehemia aliporudi Yerusalemu aliwakuta Walawi na waimbaji wamekimbia, kila mtu shambani kwake. Kwa nini? Hawakupewa sehemu zao. Hakuna aliyewafukuza hekaluni. Watu walipenda ibada, lakini walisahau kwamba mwimbaji naye ana tumbo na ana watoto. Nehemia hakuwalaumu waimbaji kwa kukosa imani. Aliwagombeza wakubwa, akasema nao kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Neno hilo lilituchoma, maana ile kwaya leo haiimbi tena. Wengine wamerudi shambani, na wengine wanalipa deni kidogo kidogo.

Lakini mwingine atatuambia: «Mchungaji, Yesu alisema tulipata bure, tutoe bure!» Ni kweli, liko katika Mathayo 10:8. Lakini soma mpaka mstari wa 10: hapo Bwana anasema kwamba mtenda kazi anastahili chakula chake. Tena, neno la kutoa bure linamhusu yule mwenye kitu mkononi. Kwaya ikitaka kutoa nyimbo zake bure, itabarikiwa. Mimi na wewe tukitoa cha kwaya bure, tumetoa cha nani?

Mwingine atasema: «Wimbo si mbuzi. Nikiutuma, mwenyewe anabaki nao.» Basi tusome Yakobo 5:4. Wale matajiri hawakuiba jembe la mvunaji. Jembe lake alirudi nalo nyumbani. Walichozuia ni ujira wake, na kilio chake kikafika masikioni mwa Bwana. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mwimbaji anabaki na wimbo wake na anakosa ujira wake. Ni vivyo hivyo kwa mwalimu anayeuza masomo ya Biblia kwa simu, na kwa mwandishi wa kitabu.

Wenye kuuza wanajaribu kufunga mlango. Wengine wanaweka neno la siri. Wengine wanaandika jina la mnunuzi juu ya kila ukurasa. Wengine wanakuruhusu usikilize bila kupakua. Hayo yote ni mazuri, lakini sauti ikitoka katika simu moja, simu nyingine inaweza kuirekodi. Sheria nayo ipo: hapa Kongo haki za mtunzi zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na SOCODA ndiyo shirika la watunzi. Lakini polisi hawezi kukaa ndani ya kila gurupu. Mlinzi wa mwisho ni dhamiri ya mtu aliyekwisha kulipa.

Sasa mtazameni Daudi. Alitaka kumjengea Bwana madhabahu katika kiwanja cha Arauna. Arauna, mwenye mali, alimpa kiwanja, ng'ombe na kuni, vyote bure. Daudi alikataa. Alilipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Daudi alipewa na mwenye mali, akalipa. Sisi hatukupewa na mwenye mali, tukachukua, kisha tukainua mikono kwa wimbo huo Jumapili asubuhi!

Basi tufanye hivi. Ukipenda wimbo wa kulipia, watumie ndugu anwani ya kuununulia, usiwatumie wimbo wenyewe. Kama huna pesa, mwombe mwenye kazi. Wengi watakupa kwa furaha. Kusikiliza pamoja na watoto wako nyumbani si wizi, usitishwe. Ninyi wa kwaya, andikeni wazi wimbo upi ni wa bure na upi ni wa kulipia, mwekeni bei ambayo muuza samaki anaiweza. Nasi wa redio hatutapiga wimbo ambao mwenyewe hakuturuhusu.

Na kwa yale tuliyokwisha kufanya, Zakayo alituonyesha njia: alitubu na mfuko ukiwa wazi. Sisi wachungaji na mashemasi tulichanga, kila mtu dola 2 na zaidi, tukazipeleka kwa yule kiongozi wa kwaya. Hazikumaliza deni. Alizipokea kwa mikono miwili, akatuombea. Tuliona haya, na tulipata amani.

Leo usiku, kabla ya kulala, fungua simu yako. Tafuta kitu kimoja ulichokichukua bila kulipa. Mtafute mwenyewe, umlipe.

Tuombe. Baba, tusamehe, maana tumekusifu kwa jasho la wengine. Warudishe waimbaji wako nyumbani mwako, na utupe mikono safi. Katika jina la Yesu, amina.