Ufunguo Ukizungushwa na Mashine Isiitike
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya mashine ya kukatia majani, ile ambayo dereva huketi juu yake, na hasa juu ya umeme unaoiwasha. Sisi tulikata majani kwa fyekeo, na injini ilikuwa mgongo wa mtu. Siku hizi mashine nzima huweza kulala stoo miezi kwa sababu ufunguo ulizungushwa nayo ikanyamaza. Jambo hilo halihitaji mganga.

Umeme wa kuwashia una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya umeme mdogo, na kazi yake ni kuomba ruhusa. Hutoka kwenye betri ya volti 12, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya pedali ya breki na swichi ya visu. Breki isipokanyagwa, au visu vikiwa vimeunganishwa, njia hukatika hapo. Yote yakiwa sawa, umeme hufika kwenye solenoidi.

Solenoidi ni koili ya waya. Ikipata umeme hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na hapo hufunguka njia ya pili: waya mnene wa betri huungana na waya mnene wa stata. Stata huzunguka, gia yake ndogo hushika meno ya gurudumu zito la injini, na injini huamka. Njia ya kwanza hubeba ampea chache tu. Ya pili huweza kupita 100. Umeme huo ungepitishwa kwenye ufunguo, swichi yake ingeungua.

Basi tumieni masikio. Kukiwa kimya kabisa, tazameni betri, fyuzi na zile swichi za ruhusa. Mkisikia "tak" moja, ruhusa imetolewa lakini umeme mkubwa haupiti: safisheni kutu kwenye vichwa vya betri, kazeni waya wa ethi kwenye chasisi, kisha pimeni solenoidi. "Tak-tak-tak" ya haraka kwa kawaida ni betri dhaifu. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Stata inunuliwe mwisho, si mwanzo.

Sasa neno lililonileta hasa. Chini ya kiti kuna swichi nyingine. Dereva akitoka kitini visu vikizunguka, injini huzimika. Swichi hiyo ikiharibika, wapo wanaounganisha nyaya zake mbili na kusema mashine imepona. Haikupona, ndugu zangu, imetolewa macho. Siku kijana atakapoteleza kwenye mteremko na kuanguka, visu vitaendelea kuzunguka karibu na miguu yake, wala hakuna kitakachovizuia.

Ombi langu ni hili: swichi mbovu ibadilishwe, isirukwe. Na kabla mtu hajatia mkono karibu na visu, ufunguo utolewe na waya wa plagi uchomolewe. Bei ya swichi ni ndogo kuliko mguu wa mtoto wa mwenzetu.