Kufyata na Kufyatua: Kauli ya Kutendua katika Lugha ya Karakana

Mhadhara huu unahusu nafasi ya kauli ya kutendua katika lugha ya ufundi. Mfano uliochaguliwa ni kazi ndogo yenye hatari kubwa: kufungua mtambo wa kufyatulia wa bunduki, kung'arisha nyuso zake zinazosuguana, kisha kuufunga tena. Kazi hiyo hupima istilahi kwa namna ambayo orodha ya maneno haiwezi kupima, kwani neno likikosewa, anayeumia ni mtu.

Inafahamika kwamba majina mengi ya silaha katika Kiswahili ni ya mkopo. Bunduki, risasi na baruti yote yameingia kwa njia ya Kiarabu. Hata hivyo, kitenzi kinachoeleza kazi yenyewe ya mtambo ni cha Kibantu. Fyatua hutokana na fyata, yaani kubana: mbwa hufyata mkia, na mwenye busara hufyata ulimi. Kufyatua, basi, ni kuachilia ghafla kilichobanwa. Ndiyo maana mtego hufyatuka, na matofali hufyatuliwa kutoka katika kalibu.

Uhusiano huo wa maneno unaueleza mtambo kwa usahihi. Katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, springi iliyobanwa huisukuma pini inayopiga fataki. Pini hiyo huzuiwa na kipande kidogo cha chuma, ambacho huteremka kidole kinapovuta kifyatulio. Kifyatulio chenyewe kina nundu mbili kwa juu: ya kwanza huleta mvuto mrefu na mwepesi, ya pili huleta mvuto mfupi na mzito zaidi. Kwa maneno mengine, kuna kinachofyata na kinachofyatua.

Bunduki hiyo ina historia Afrika Mashariki. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliingia katika vita vya 1914 wakiwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wa baruti yake uliwafichua wapigaji. Meli iitwayo Rubens ilipoleta bunduki mpya katika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, risasi nyingi ziliingiwa na maji ya bahari. Zilibidi kufumuliwa, baruti ikasafishwa, kisha zikaundwa upya. Kitenzi fumua nacho ni cha kutendua, kutokana na fuma.

Hapa ndipo nguvu ya kauli hii inapodhihirika. Fundi huchomoa pini aliyoichomeka mwenzake, hupachua kilichopachikwa, hufungua kilichofungwa. Maelekezo ya kufungua mtambo yakiandikwa kwa vitenzi hivyo, maelekezo ya kuufunga yamo ndani yake: husomwa kuanzia mwisho, kwa mizizi ile ile. Kinachotolewa mwisho ndicho kinachorudishwa kwanza.

Hata hivyo, kuna mahali pawili panapodai uangalifu. Kwanza, kufyatua si kutegua. Mtego uliofyatuka umekwisha kunasa au kukosa. Mtego uliotegulwa umeondolewa nguvu bila kudhuru. Bunduki iliyokokiwa inaweza kurudishwa katika utulivu kwa njia zote mbili, lakini ni moja tu isiyopiga fataki. Mfasiri anayetumia neno moja kwa vitendo vyote viwili huacha uhai wa msomaji mikononi mwa bahati.

Pili, neno laini lina maana mbili zinazogongana katika karakana. Chuma laini kwa mguso ni kile kisicho na mikwaruzo. Chuma laini kwa asili ni kile kisicho na matiko. Nyuso za mtambo huu hutiwa matiko kwa juu tu. Fundi aliyeambiwa “lainisha” anaweza kusugua mno kwa jiwe la kunolea hadi akaondoa ngozi hiyo ngumu, na alichokipata ni ulaini wa aina ya pili: chuma kinacholika upesi. Akibadilisha pia pembe ya uso unaozuia pini, bunduki inaweza kufyatuka kwa kuanguka tu. Kitenzi kinachofaa ni kung'arisha, pamoja na onyo la wazi kwamba umbo lisibadilishwe.

Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania mwaka 1967, juhudi kubwa zimefanywa kuzalisha istilahi, na sehemu kubwa ya istilahi hizo ni nomino. Mfano huu unaonyesha kwamba usalama wa kazi hubebwa zaidi na vitenzi. Mwanaistilahi anayetaka kuuliza kama neno lake linafaa hana budi kuliweka ndani ya amri, kisha amtazame fundi akiitekeleza. Iwapo mkono unasita, au unafanya jambo jingine, neno hilo halijakamilika, hata kama limekwisha kuchapishwa.